Maji Mdomoni

Hakuna aliyenililia. Hilo ndilo lililonichoma kabla ya mengine yote. Nilitoka kwenye ukungu asubuhi ile, baada ya kulala nje usiku kucha, nikawakuta watu wamejaa uani kwetu, ngoma inalia, watu wanacheka, na hapakuwa na jicho hata moja lenye machozi. Lakini nikianzia hapo mtaniona mwehu. Nianze na bwawa.

Mto wetu, kabla haujafika kwenye mashamba ya ndizi, unaanguka kutoka kwenye jabali na kutua kwenye bwawa lenye maji meusi yaliyotulia, ambayo hakuna aliyewahi kugusa chini yake. Bwawa hilo lina wenyewe. Ni njuzu, nusu mtu nusu samaki, na kila mtoto wa kwetu hufundishwa masharti yao angali mdogo: usichote maji kwa sufuria yenye masizi, usioge kwa sabuni, usitukane pale. Ukikosea wanakuvuta chini. Na wakikuvuta, ndugu zako wasithubutu kulia. Wakilia tu, basi, njuzu wanakuua na maiti yako inaelea juu. Wasipolia, wakapiga ngoma na kupika pombe na kuchangamka, siku moja utarudishwa ukiwa umepakwa udongo, na mikono yako itakuwa na dawa ya kuponya watu. Kwa hiyo watu wengi waliogopa kufika pale, na mimi ndiyo maana nilipapenda.

Mchana, jua linapokuwa kali na kila mtu amejinyoosha kivulini, nilikuwa naacha simu yangu juu ya kabati, nachukua bakuli langu la plastiki na kitenge cha kubadilisha, naondoka. Nikifika navua ndapa, kandambili zangu za mpira, napiga makofi ya kuomba ruhusa kwa wenye mahali, naingia. Sabuni sikuwa na haja nayo. Pale pembeni panaota ruredzo, mmea wa kutambaa, ambao ukiusugua ndani ya maji unatoa utelezi laini, mzuri kwa nywele na ngozi. Nilikuwa na jiwe langu la kusugulia visigino, nimelificha kwenye ufa wa mwamba. Nilikuwa najipaka udongo mweupe wa mtoni usoni na mabegani, nakaa juu ya jiwe hadi ukauke uanze kuvuta ngozi, kisha najisuuza na kujipaka mafuta kutoka kwenye kikopo cha vaselini. Nikimaliza sikuwa mrembo kuliko wengine, msinielewe vibaya. Nilikuwa mtu tu. Nikirudi nyumbani ningeweza kuambiwa chochote nisirushe sufuria.

Na maneno yalikuwepo ya kutosha. Mama mkwe wangu, watu wanamwita Mama Zvidzai kwa jina la mume wangu, niliishi naye tangu nilipoolewa na neno la sifa sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Sadza yangu, ugali wa kwetu, ilikuwa ngumu, mboga yangu ilikuwa na chumvi, moto wangu ulikuwa na moshi. Sufuria ilikuwa ndiyo wimbo wake wa kila jioni, kwamba mwanamke wa maana haachi sufuria imelowekwa mpaka kesho yake. Halafu akarudi wifi Sekesai kutoka mjini Mutare, ndoa yake imemshinda, mdomo wake haujamshinda.

"Mama Chenai," aliniambia siku moja mbele ya majirani, "hivi unavyojisugua kila siku, unamsugulia nani?"

"Nasugua visigino vyangu, wifi."

"Visigino! Kaka yangu ng'ombe zote zile alizitoa kwa ajili ya visigino?"

Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilicheka na mimi, kwa meno tu.

Siku yenyewe ilianza na chai. Wifi alisubiri kila mtu awe na kikombe mkononi, akatangaza kama karani wa mahakama kwamba kuanzia kesho yake nitaoga kwenye bafu la nyumbani kama wanawake wengine, na habari za bwawa ziishe. Watu wanasema. Mke wa mtu haendi porini kila mchana kuvua nguo.

Nilimgeukia mume wangu. "Baba Chenai, umesikia?"

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

Aliviangalia viatu vyake kama vile ndiyo kwanza anavinunua. "Watu wanasema sana, Mama Chenai. Ungepumzika kidogo na hayo mambo."

"Zvidzai, kule ndiko ninakopumzika!"

Mama mkwe alikuwa amekaa chini anachambua maharagwe, miguu yake imenyooshwa mbele, visigino vimepasuka vibaya mno. Akatupa harage moja bovu kwa kuku, akaendelea. Nikajua sina wa kunitetea katika nyumba ile.

Mchana nikaenda mara ya mwisho. Nilikuwa na hasira hata makofi ya kuomba ruhusa niliyapiga kwa nguvu. Nikaoga polepole, nikafua gauni langu kwa ruredzo na kulianika juu ya jiwe, ndapa zangu pembeni yake. Nikajipaka udongo, siku hiyo mwili mzima, maana nilijua sitaupata tena. Kwa kuwa pale chini kivuli kilikuwa kimeanza kuingia, nikajifunga kitenge na kupanda juu ya jabali, juu kabisa ya maporomoko, mahali ambapo jua lilikuwa bado lipo. Nikajilaza udongo ukauke. Usiku uliotangulia sikuwa nimelala vizuri. Usingizi ukanikamata palepale.

Nilipofumbua macho sikuuona mkono wangu. Ilikuwa guti, ule ukungu wa milimani kwetu unaokuja na mvua laini na kukaa kadiri unavyotaka. Njia ya kushuka ni mawe matupu, na mawe yakilowa hapo mtu anaanguka na kuvunjika shingo. Nikapapasa nikaingia chini ya mwamba uliochomoza, nikajifunika majani makavu, nikangoja. Guti haikuondoka. Giza likaingia juu yake. Huenda waliniita, sijui. Maporomoko yalikuwa yananguruma sikioni mwangu na nisingesikia hata bunduki.

Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umepungua kidogo tu, nikashuka kwa makalio, jiwe kwa jiwe. Nilipofika bwawani gauni halipo, ndapa hazipo. Nikadhani nimeibiwa. Ndivyo nilivyokuwa mjinga na njaa yangu. Sikunawa, sikuwaza udongo ulionikaukia mwilini. Nilikimbia nyumbani nikiwaza jambo moja tu, kwamba watakuwa wamekufa kwa wasiwasi.

Nilipokaribia nikasikia ngoma. Nikapunguza mwendo. Nikasikia kicheko, kicheko kikubwa cha watu wengi, nikajificha nyuma ya ghala la mahindi na kuchungulia. Ua ulijaa ukoo mzima. Baba mkubwa Gwenzi, kaka wa marehemu baba mkwe, alikuwa anasimulia vichekesho kwa sauti, na watu wanacheka hata kabla hajafika mwisho. Mapipa ya pombe yalikuwa jikoni. Wifi Sekesai alikuwa anacheza. Na mume wangu, Mungu wangu, mume wangu ambaye hajui hata kupiga makofi kanisani, alikuwa ameshika fimbo za ngoma anapiga hovyo, amekenua meno yote.

Nimepotea usiku mmoja na hawa wamefanya sherehe?

Ndipo nikaliona gauni langu. Lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya mkeka katikati ya ua, ndapa zangu juu yake, na mbele yake kibuyu cha pombe. Pembeni walikaa wanawake wazee kwa mstari, mashavu yamevimba wote, macho yamewatoka. Walikuwa wamejaza maji mdomoni. Kwetu mzee asiyejiamini hufanya hivyo, ashike maji kinywani ili kilio kikija kisipate njia ya kutokea. Chenai wangu hakuwepo. Baadaye nilijua alikuwa amepelekwa kwa jirani wa mbali, kwa sababu mtoto huwezi kumkataza kulia.

Nikaelewa. Vile vicheko vilikuwa ni vilio. Zvidzai alipewa ngoma ili mikono yake iwe na kazi. Mimi nilikuwa majini, nimechukuliwa na njuzu, na watu hawa wote walikuwa wananiokoa kwa kukenua meno.

Nikatazama mstari wa wazee kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashavu ya kila mmoja yalikuwa yamejaa, isipokuwa ya mmoja. Mama mkwe alikaa mwisho, mashavu yake matupu, yamebonyea kama siku zote, anaangalia mbele. Moyo wangu ulipasuka. Nikasema, ona huyu. Huyu hata maji hayahitaji. Hana cha kuzuia.

Kwa hasira hiyo nikatoka nyuma ya ghala.

Sijui niwaelezeje. Ngoma ilikatika. Wazee waliyatema maji yote kwa mpigo mmoja wakawalowesha waliokuwa mbele yao. Wifi Sekesai alianguka chali na kubaki hapo hapo alipoangukia. Watu wakapiga magoti, wanaume kwa wanawake, wakaanza kupiga makofi taratibu, vile tunavyowasalimu wakubwa. Nikajitazama. Nilikuwa mweupe wa udongo toka utosini, kitenge kimelowa, majani yamenasa kwenye nywele. Nilitoka kwenye ukungu jinsi tulivyoambiwa utotoni kwamba wanatoka hao waliorudishwa.

"Mama Che..." Zvidzai alianza, sauti ikamkatika. Wanaume wawili wakamrukia wakamziba mdomo.

"Usilie, wewe! Hajaingia uani bado! Unataka kumuua mlangoni?"

"Ingia, ewe uliyetoka majini," alisema baba mkubwa Gwenzi bila kuniangalia usoni. "Walikulisha nini huko?"

"Hakuna aliyenilisha, baba mkubwa. Nina njaa."

"Alikataa chakula chao!" mtu akanong'ona. Makofi yakaongezeka.

"Jamani, sikuwa huko. Nililala tu."

"Wanalazwa, ndiyo kawaida," alisema mzee mmoja kwa wenzake, kama mtu aliyewahi kwenda.

"Nililala juu ya jabali! Guti ilinifungia njia!"

Makofi yakafifia, moja moja, yakakoma. Wifi Sekesai aliinuka na kukaa, ana vumbi mgongoni. Nilimwona akili zinamrudia.

"Subirini kwanza," alisema. "Amelala wapi? Juu ya jabali? Na nani?"

"Peke yangu, wifi."

"Peke yako. Usiku kucha. Siku ile ile uliyokatazwa." Akasimama, akajipangusa. "Mtu akichukuliwa na wenye maji tunampigia magoti. Lakini mke wa mtu aliyelala nje kwa miguu yake, mimi simpigii magoti. Huyo anafungiwa nguo zake na kurudishwa kwa baba yake. Au mila imebadilika nikiwa mjini?"

Nilimtafuta Zvidzai kwa macho. Alikuwa ameachiwa mdomo sasa, na hakuutumia. Niliona kwenye uso wake lile swali limeshaingia, na nani. Nilikwenda kuoga, nikajipaka udongo, na sasa nilikuwa napoteza bwawa, na nyumba, na Chenai wangu, kabla jua halijachomoza vizuri.

"Sekesai, funga mdomo wako."

Ni mama mkwe. Alikuwa amesimama. Alinijia mpaka karibu, akanikazia macho, na uso wake ulikuwa na mshtuko wa namna nyingine, si ule wa wenzake. Aliutazama udongo, akautazama mguu wangu, akanishika mkono kwa nguvu kama anahakikisha una mfupa ndani.

"Mtu wa majini hajui alikokuwa," aliwaambia watu. "Ataambiwa alikuwa jabalini, ataamini jabali. Mnahoji mtu ambaye akili yake bado imelowa? Mimi nimeshika maji mdomoni usiku kucha, na wenye bwawa wamenisikia. Wamemrudisha kwa sharti moja. Awe anakwenda kuwasalimia kila siku, saa yake ile ile, peke yake, na asifuatwe na mtu. Anayemfuata, shauri yake."

"Na dawa?" aliuliza baba mkubwa Gwenzi. "Wamempa dawa gani?"

"Hawakumpa. Anayetaka dawa aende kliniki."

Nilifungua kinywa niseme, akanifinya mkono, na vidole vya yule mama ni vya kukamulia ng'ombe. Nikanyamaza. Watu wakarudi kwenye makofi, pombe ikamiminwa, Zvidzai akaruhusiwa kulia sasa, akalia kama mtoto, amenishikilia kitenge changu chenye tope. Mama mkwe aliingia jikoni. Nikasikia anasugua sufuria.

Baada ya hapo maisha yangu yalikuwa ya ajabu. Saa yangu ikifika, nyumba nzima inanyamaza. Wifi Sekesai, ambaye juzi alikuwa ananicheka, sasa alifagia njia ya kwenda bwawani na kuondoka mbio. Zvidzai alikuwa akilala ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Nilipata nilichokuwa nakitaka, tena zaidi, na bado nilikuwa nikikaa juu ya jiwe langu nikijiuliza, yule mama anaamini kweli aliyosema? Kama anaamini, namdanganya mtu mzima kila siku. Na kama haamini? Hilo sikuthubutu kulifikiria.

Siku moja nimejipaka udongo, nimefumba macho, nikasikia makofi ya kuomba ruhusa. Nilishtuka karibu nitumbukie. Mama mkwe alikuwa amesimama pale ninapovulia ndapa. Yeye hakuwa na cha kuvua, huwa anatembea peku.

Hasira zilinipanda, nasema kweli. Hata hapa? "Mama, si ulisema nisifuatwe?"

"Nilisema. Niliyetunga ni mimi, na wa kutangua ni mimi."

"Ulitunga?"

"Sogea huko, nikae." Alikaa juu ya jiwe langu, akahema kwa kupanda kilima cha kuja bwawani. Akayatazama maji muda mrefu. "Ulilala kule juu," alisema. Hakuuliza.

"Nililala, Mama. Naapa sikuwa na mtu."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu nililia."

Sikuelewa. Nadhani nilimwangalia kama kichaa, maana alikunja uso.

"Unaniangalia nini? Nililia, nimekwambia. Tulipokuta nguo zako hapa, tukarudi, Gwenzi akatugawia maji. Nikayashika. Nilijua masharti kuliko wote, mimi ndiye niliyekuwa nawaonya wengine. Karibu na alfajiri nikaenda nyuma ya jiko kuchukua kuni. Nikaikuta sufuria yako pale chini, umeiloweka, kama kawaida yako ya uvivu." Akachuma jani la ruredzo. "Nikayameza yale maji. Nililia, Mama Chenai. Nilijitia nguo yangu mdomoni lakini kilio kilitoka, na sauti yake niliisikia mwenyewe. Nikajua nimekuua. Nikarudi, nikakaa mwisho wa mstari, nikawa nangoja waje waseme mwili wako umeelea."

Mashavu yale matupu yakanijia mbele ya macho. Nilikuwa nimewatazama watu wote wa ua ule na kumchagua yeye mmoja wa kumchukia.

"Halafu ukatokea nyuma ya ghala," alisema, "mweupe, umenikodolea jicho baya. Kidogo nife mimi. Maana kama wangekuwa nawe, usingerudi, nilishalia. Ukarudi. Basi hawakuwa nawe."

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Niseme lipi? Kwamba mke wa mwanangu alilala nje, au kwamba mimi nilimuua? Chagua wewe." Akanyoosha miguu yake mbele, vile visigino vilivyopasuka, akaviangalia kwa kuchukizwa. "Hilo jiwe unalojisugulia liko wapi? Linauma?"

Nilitia mkono kwenye ufa wa mwamba nikalitoa. Nikasuguasugua ruredzo ndani ya bakuli, nikamshika mguu, nikauweka mapajani pangu. Ulikuwa mzito na wa moto kwa kutembea. Nilianza kusugua polepole, na machozi yakaanza kunitoka, yakaanguka juu ya mguu wake na udongo wa usoni mwangu ndani yake. Nikageuza uso haraka nisionekane.

"Lia tu, Maidei," alisema. Katika miaka yote ile hakuwahi kuniita jina langu. "Hapa hakuna aliyechukuliwa."